Makonyo

Usiku huu Pandani taa ya sola imechoka,
karafuu zimemwagwa ukumbini hadi kizingitini,
nasi tumezizunguka kama wenye msiba, au wenye harusi,
vidole vikijua njia yao:
karafuu huku, konyo kule.

“Shangazi Mize, tupandishe mlima,”
anasema Ngwali, mtoto wa kaka yangu,
naye keshausikia mara saba.

Basi naupanda tena.
Mji wa Bursa, Uturuki, mwaka wa pili wa masomo,
asubuhi ya Jumapili, watu wanne:
Orhan, mwenyeji, mfuko umejaa zeituni na mikate;
Kodjo wa Togo, kaazima viatu vya mpishi wa bweni;
Gulnara, aliyezaliwa kwao Kirigizi juu kuliko mawingu,
anatembea mlimani kama anayekwenda jikoni;
na mimi, ambaye kilima kirefu nilichokijua
ni hiki cha kutoka kisimani na ndoo kichwani.

“Theluji ina ladha gani?”
Ladha ya bati la paa, Ngwali,
ukililamba alfajiri baada ya mvua.
“Uliilamba?”
Niliilamba. Watoto wanacheka. Hapa hucheka kila mara.

Nawaambia misonobari ilivyokoma ghafla
kama watu waliokatazwa kuvuka,
yakabaki mawe na upepo,
upepo usio na chumvi, usio na harufu ya kitu,
ukiingia masikioni kama mtu anayetafuta alichopoteza.
Nawaambia miguu ilivyokuwa si yangu,
nilivyozipima hatua kwa pishi:
hatua kumi pishi moja, pumzika,
pishi nyingine, pumzika,
na Orhan kule juu, mdogo kama mdudu, anapunga mkono.

Kisha hufika pale.
Pale ambapo mara saba nimesema, “Nikafika kileleni.”
Na picha ipo, mama kaitundika juu ya redio:
mimi na mwamba, mikono juu, meno yote nje.

Mkono wangu umesimama.
Nina konyo kiganjani, vijiti vyake vitupu.
Namkumbuka mpimaji aliyeimwaga pishi ya Bi Tumu
mbele ya watu wote, karafuu juu, makonyo chini,
na Bi Tumu akatazama ukingo wa kanga yake.

“Sikufika,” nasema.

Sikufika, Ngwali. Nilikaa juu ya jiwe nikalia kwa Kiswahili,
lugha ambayo mlimani pale hapakuwa na aliyeijua,
nikasema nirudisheni kwetu,
na Gulnara akaelewa.
Akawaambia wale wawili, nendeni.
Kilele kilikuwa pale, ningepiga ukelele kingesikia,
naye hakuwahi kukiacha kilele maishani mwake.
Akakaa. Akanivua soksi zilizolowa,
akaitia miguu yangu ndani ya koti lake, tumboni,
akaniimbia kitu cha kwao, cha kuitia farasi, nadhani.
Jua lilipotoka akanisimamisha penye mwamba ule:
“Inua mikono. Hapa ndipo juu.”
Akapiga picha.
Mwaka wa tatu huu sijamwandikia.

Kimya. Hata Ngwali.
Taa inapepesa.
Nangoja mama aitazame ile picha; haitazami.
Anapepeta uteo wake, vumbi linapaa, linatua,
nami nakusanya makonyo yaliyo mbele yangu
niyatupe uani.

“Yaache hayo,” anasema, hajainua uso.
“Kesho yanakwenda Wawi. Kiwandani wanayakamua mafuta.”

Kisha, baada ya karafuu tatu nne:
“Huyo mwenzio, miguu yako tumboni mwake,
na baridi ile...
jina lake nani vile?”